Ushoroba wa Ghorofa ya Tatu

Ghala, Maskati, Alhamisi, isha imeshaswaliwa.
Jengo limebaki na mlinzi, na mie,
na swichi moja yenye matundu ishirini na manne
inayokonyeza taa zake za kijani
kama shahidi aliyekatazwa kusema.

Kampuni tatu, mtandao mmoja.
Mawakala wa forodha upande wa dirishani,
wahasibu wa Biju Varghese, wasiozima taa,
na ukumbi wa meza za kukodi kwa siku,
wageni wasiojuana hata kwa salamu.
Mwezi uliopita mishahara ya forodha
ilitokea kwenye printa ya wahasibu,
kurasa tisa, majina, riale na baisa,
na Biju, mtu wa haya, akazilaza kifudifudi
akanipigia simu akinong'ona:
"Fundi Ghaniya, njoo, mimi sijaona kitu."

Maana humu kila mashine ikitafuta mwenzake
hupiga ukelele: "Nani mwenye anwani hii?"
na nyumba nzima husikia.
Hodi ya mmoja, masikio ya wote.

Nikakaa chini, laptopu mapajani,
baridi ya AC ikinitafuna magoti
na nje joto la digrii arubaini likisubiri ngazini.
Nikaanza kugawa.
VLAN mama, mia moja. Chini yake wana watatu:
mia na mbili, forodha, jamaa kwa jamaa;
mia na tatu, wahasibu na printa yao;
mia na moja, wapweke, wale wa meza za kukodi,
asiyemwona mwenziwe ingawa viwiko vinagusana.
Tundu la mwisho nikaliacha lisikilize wote:
huko liko lango, na lango halina ndugu.
Kisha nikaukumbuka ujanja,
kwamba aliyezuiwa ukutani huzunguka langoni
akaingia kwa jirani kwa mlango wa mbele.
Lango nalo nikaliwekea sheria.

Kabla ya kuhifadhi, nikachungulia
nani humwita nani. Ndiyo kazi, sikudukua.
Kila siku saa nne asubuhi meza ya sita
hufungua folda kwenye mashine ya Hemed wa forodha.
Jina lake "Ankara za Zamani".
Ndani hamna ankara. Mna waraka mmoja tu,
Thuwaiba anauliza, Hemed anajibu,
watoto wa waliorudi na lugha mfukoni
na mfuko wenyewe umetoboka.

*Kiwambaza ni nini? Bibi akilitaja sana.*
*Ukuta wa fito na udongo.
Ukikohoa huku, kule wanakwambia pole.*
*Na ushoroba?*

Hapo pametupu. Hajajibu bado.

Nilikaa na kidole juu ya kitufe
muda wa kupoa gilasi ya karaki.
Ningeweza kuwaachia kitundu. Kidogo tu.
Lakini kitundu hakijui jina la aliyetobolewa;
leo neno la bibi, kesho mshahara wa mtu.
Nikabonyeza.
Taa hazikubadilika hata rangi.

Jumapili simu ya kwanza ni Hemed:
"Folda yangu nzima, lakini haitembelewi."
Ya pili ni Thuwaiba: "Pana kitu kimekufa?"
Nikawaambia wote wawili kauli moja:
hakijafa, kimekatazwa.
Kimya. Halafu yeye akauliza, kwa sauti ndogo,
"Huyo Hemed, yuko mlango wa ngapi?"

Miaka miwili ya maneno, hawajapata kuonana.
Hatua kumi na moja. Nilishazipima kwa kebo.

Saa nne nilikuwa juu ya ngazi, dari imefunguliwa,
nikamwona Hemed katoka na kikombe,
kasimama kati ya milango, kofia kaishika mkononi,
hajui aende au arudi.
Mlango wa kioo ukasukumwa kutoka upande wa pili.
"Hapa," akamwambia, akionesha zulia kwa kidole cha mguu,
"hapa tuliposimama. Huu ndio ushoroba."

Swichi haikuandika chochote.
Nami nikateremka kwa Biju;
printa imemeza karatasi tena.